Wapimaji wa CPAN na Kazi ya Kujitolea

Lugha ya kuandikia programu iitwayo Perl, iliyotolewa na Larry Wall Desemba 1987, ilizaliwa pamoja na desturi ya kupimwa. Toleo lake la kwanza liliambatana na mafaili madogo ya majaribio ambayo, yanapoendeshwa, huchapa mstari mmoja kwa kila jaribio: "ok" na namba ya jaribio pale jibu linapokuwa sahihi, na "not ok" pale linapokosewa. Mpangilio huo mwepesi, unaosomeka kwa macho ya mtu na kwa kompyuta vilevile, ndio uliowezesha baadaye majaribio ya mwandishi mmoja kuendeshwa na watu asiowajua, kwenye mashine ambazo hajawahi kuziona.

Haja ya kupimwa kwenye mashine za wengine ilionekana wazi baada ya mwaka 1995, ilipofunguliwa CPAN, yaani ghala la pamoja la moduli za Perl, ambazo ni vipande vya programu vilivyoandikwa ili wengine wavitumie bure na wavirekebishe. Mwandishi wa moduli mara nyingi alikuwa na kompyuta moja au mbili, ilhali watumiaji wa kazi yake walikuwa na Windows, Solaris, VMS na aina nyingi za Unix. Mifumo hiyo hutofautiana hata katika mambo madogo, kama vile alama inayotenganisha majina ya folda, au mpangilio wa baiti za namba ndani ya kumbukumbu. Moduli iliyofanya kazi vizuri nyumbani kwa mwenyewe iliweza kugoma kabisa kwa mwingine bila mwandishi kupata habari.

Mwaka 1998 Graham Barr na Chris Nandor walianzisha kundi la wapimaji wa CPAN, ambalo wanachama wake walipakua moduli mpya, wakaziunda, wakaendesha majaribio yake na kutuma matokeo kwa barua pepe. Kila ripoti ilibeba hukumu moja kati ya nne: PASS kwa moduli iliyofaulu, FAIL kwa iliyoanguka, NA kwa isiyokusudiwa mfumo huo au toleo hilo la Perl, na UNKNOWN pale matokeo yasipotosha kutoa uamuzi. Chini ya hukumu hiyo yaliwekwa maelezo ya toleo la Perl, mfumo endeshi, kompaila iliyotumika na moduli nyingine zilizohitajika. Thamani ya ripoti ilikuwa hasa katika maelezo hayo, kwa sababu neno FAIL peke yake halimwonyeshi mwandishi pa kuanzia.

Mwanzoni kazi nyingi zilifanywa kwa mkono. Zana zilipoboreshwa, mpimaji aliweza kuiacha mashine ijaribu kila kilichopakiwa ghalani, usiku na mchana, na ripoti zikafurika. Wingi huo ulileta malalamiko ya haki, kwani baadhi ya waandishi walipokea FAIL zilizotokana na moduli nyingine kukosekana kwenye mashine ya mpimaji, kosa lisilo lao. Zana zikarekebishwa ili ripoti za namna hiyo zisitumwe, na mwaka 2010 barua pepe, ambayo ilikuwa imelemewa na mzigo, iliachwa, ripoti zikaanza kupelekwa moja kwa moja kwenye hifadhidata kupitia wavuti.

Faida ya wingi huo ilidhihirika zaidi katika toleo la 5.18 la Perl, lililotoka Mei 2013. Kwa ajili ya usalama, toleo hilo lilifanya mpangilio wa funguo ndani ya hashi, yaani jedwali linalounganisha jina na thamani yake, ubadilike kila programu inapoendeshwa, ili mshambuliaji asiweze kuandaa funguo za kuizonga seva. Moduli nyingi zilikuwa zimetegemea mpangilio wa zamani bila waandishi kutambua, na ugumu wake ulikuwa kwamba jaribio lilelile, kwenye mashine ileile, lingeweza kufaulu asubuhi na kuanguka jioni. Mtu mmoja akijaribu mara moja angeridhika. Wapimaji, waliokuwa wakiendesha matoleo ya maandalizi hata kabla ya toleo lenyewe kutoka, walikusanya PASS na FAIL zilizochanganyika kwa moduli ileile, na mchanganyiko huo ndio uliowaelekeza waandishi kwenye chanzo, ambacho mara nyingi kilihitaji marekebisho ya mstari mmoja tu: kuzipanga funguo kwa alfabeti kabla ya kuzichapa.