Daftari la Lenzi: Picha kama Ushahidi wa Historia katika Mwambao wa Misungwi

Historia ya Ziwa Viktoria haimo katika maandishi pekee. Sehemu yake imo katika picha. Katika Ghuba ya Mwanza, kati ya Kigongo wilayani Misungwi na Busisi wilayani Sengerema, watu na mizigo walivushwa kwa vivuko kwa miaka mingi, kikiwamo MV Misungwi, hadi Daraja la J. P. Magufuli, lenye urefu wa kilometa 3 hivi, lilipozinduliwa mwezi Juni 2025. Atakayetaka kujua mwambao huo ulionekanaje kabla ya daraja hana budi kuzitegemea picha. Hata hivyo, picha haijitoshelezi. Ili isomwe kama hati, ni lazima ijulikane nani aliipiga, lini, akiwa amesimama wapi, na kwa lenzi ipi. Swali hili la mwisho ndilo linalosahauliwa zaidi.

Lenzi hutambulishwa kwa urefu wa fokasi, yaani umbali kati ya lenzi na mahali inapokutana miale itokayo mbali. Ichukuliwe mfano filamu ambamo chombo chenye urefu wa meta 50, kilichoonekana ubavuni, kimechukua milimeta 5. Ikiwa lenzi ilikuwa ya milimeta 50, chombo hicho kilikuwa umbali wa meta 500. Ikiwa ilikuwa ya milimeta 200, kilikuwa umbali wa meta 2,000. Kwa hesabu ya kwanza chombo hakijafika mbali na gati. Kwa hesabu ya pili kimekwishapita katikati ya ghuba. Filamu ni ile ile, lakini masimulizi ni mawili. Hali kadhalika, maji ya Ziwa Viktoria yalipanda kwa zaidi ya meta 2 kati ya 1961 na 1964. Anayelinganisha picha za ufuko za kabla na baada ya miaka hiyo aweza kudhani kuwa maji yamesogea, kumbe kilichobadilika ni lenzi.

Tatizo hili lina historia yake. Leica ya mwaka 1925 ilikuwa na lenzi moja isiyotoka. Kuanzia 1930 zikaja Leica zenye lenzi za kubadilishwa. Tangu hapo filamu moja ya picha 36 iliweza kupigwa kwa lenzi mbili au tatu. Ukingoni mwa filamu mna namba za picha, lakini hamna jina la lenzi. Ndipo daftari lilipohitajika: namba ya filamu, namba ya picha, lenzi, mahali na tarehe. Katika kamera za dijitali, utaratibu wa Exif ulianza 1995, na toleo lake la 2.3 la mwaka 2010 likatenga nafasi za kuandika aina ya lenzi na namba yake. Lakini lenzi ya zamani isiyowasiliana na kamera huiacha nafasi hiyo tupu, na baadhi ya programu hufuta taarifa hizo picha inapotumwa.

Taaluma ya Kiswahili si ngeni katika jambo hili. Wanakili wengi wa tendi waliandika jina na tarehe mwishoni mwa muswada, na katalogi ya J. W. T. Allen ya mwaka 1970 iliorodhesha miswada na kanda za maktaba ya chuo kikuu, Dar es Salaam, ili kila moja itambulike. Picha zastahili uangalifu huo huo, pamoja na usahihi wa lugha. Kuandika “lenzi kubwa” hakutoshi, kwani “kubwa” yaweza kumaanisha kioo kipana, mwili mrefu, au lenzi ionyeshayo eneo kubwa. “Lenzi ya milimeta 50” ina maana moja tu.

Picha za karatasi zinapohamishiwa kwenye kompyuta, aghalabu huhamishwa bila madaftari yake. Mpiga picha aliye hai bado anaweza kuulizwa. Akishafariki, filamu itabaki ikionyesha chombo majini, na umbali wake hautajulikana.