Damu Yetu Haikuenda kwa Mumiani

Oktoba 6, 2025 Tuzo ya Nobel ya tiba ilitangazwa, na mshindi mmoja hakupatikana kwa simu. Fred Ramsdell alikuwa anatembea milimani huko Marekani, hana mtandao, hana habari kwamba dunia nzima inamtafuta. Stori tamu, si ndiyo? Nikawahadithia washikaji maskani hapa Malindi, tukacheka. Halafu rafiki yangu mmoja anayeendesha tuktuk akaniuliza: "Sawa, lakini hiyo inatuhusu nini sisi watu wa Pwani?"

Sikuwa na jibu. Na mimi nikikosa jibu silali vizuri.

Kabla sijaendelea, niwe mkweli. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili. Sijawahi kuvaa koti jeupe la maabara, kwa hivyo usinichukulie kama daktari. Lakini kusoma sijaacha, na nimesoma hii mambo wiki mbili nzima. Jibu nililopata ni kwamba inatuhusu sana, maana sehemu ya hiyo stori imeandikwa kwa damu ya watu wa Kilifi. Namaanisha damu yenyewe, ile inayotolewa mkononi kwa sindano.

Tuanze na mumiani.

Hawe wangu, yaani nyanya yangu mzaa mama, alikuwa na sheria moja tulipokuwa wadogo: ukiona gari usilolijua limesimama karibu na nyumbani, kimbia ndani. "Huyo ni mumiani, atakunyonya damu." Tulikimbia kweli. Nilipokuwa mkubwa nikadhani ni vitisho tu vya kututuliza watoto. Kumbe mumiani ana historia ndefu kuliko hawe mwenyewe. Tangu enzi za mkoloni, Dar es Salaam, Mombasa, Nairobi, watu walisimuliana kuhusu watu wanaokamatwa usiku na kutolewa damu. Mahali pengi walioshukiwa walikuwa wazima moto na gari lao jekundu. Mwanahistoria Luise White aliandika kitabu kizima kuhusu hadithi hizi, kikatoka mwaka 2000. Yeye hazicheki. Anaona kwamba kwa hadithi hizo watu walikuwa wanaeleza maisha chini ya serikali iliyowachukulia vitu vyao bila kuwaeleza chochote.

Sasa weka hiyo kichwani, halafu fikiria mwaka 1989. KEMRI, wakishirikiana na Wellcome Trust ya Uingereza na watu wa Chuo Kikuu cha Oxford, wanaanzisha programu ya utafiti pale hospitali ya wilaya ya Kilifi. Daktari Kevin Marsh ni mmoja wa waanzilishi, na ataiongoza hadi 2014. Kazi yao kubwa ni malaria. Na malaria huwezi kuichunguza bila damu.

Unadhani watu walisemaje? Mumiani alikuwa ameshafika kijijini kabla yao. Watafiti wa hapohapo Kilifi wameandika waziwazi kuhusu hofu hizo: watu waliuliza mbona damu inachukuliwa nyingi, inapelekwa wapi, inauzwa kwa nani. Ziko familia zilizokataa, na ziko zilizokubali. Hao waliokubali ndio nataka tuwaongelee, lakini kwanza lazima uelewe kile kilichopewa Nobel.

Hebu tuende taratibu. Shuleni tulifundishwa kwamba chembe nyeupe za damu ni askari. Kijidudu kinaingia, askari wanapigana, umepona. Lakini hiyo ni nusu ya habari. Fikiria mtaani mtu amepiga kelele "Mwizi!" Umati unatoka mbio na mawe. Mwizi yupo, ni kweli, lakini umati ukishapandwa na hasira hauchagui. Utavunja kioski cha Mama Ali, utampiga na mpita njia asiye na kosa. Kinachookoa mtaa ni yule mzee anayesimama katikati na kusema, "Basi jamani, yatosha." Mwilini mwako wazee hao wapo. Wanaitwa seli T dhibiti. Kazi yao ni kuizuia kinga isikushambulie wewe mwenyewe.

Miaka ya 1970 wanasayansi walishuku kwamba kuna seli za kutuliza kinga. Lakini ushahidi ulikuwa dhaifu, na miaka ya 1980 wazo likatupwa. Ikawa hata kulitaja ni aibu. Mjapani mmoja, Shimon Sakaguchi, akakataa kuliacha. Alikuwa amevutiwa na jaribio la panya wachanga: ukiwatoa tezi ya thaimasi, ile iliyo kifuani ambako seli T hukomaa, siku ya tatu baada ya kuzaliwa, kinga yao inageuka na kuwatafuna wenyewe. Lakini ukiwapa seli T za panya mzima, wanaokoka. Maana yake ndani ya hizo seli kuna wazee. Mwaka 1995 akaonyesha jinsi ya kuwatambua: wanabeba alama inayoitwa CD25.

Mwaka 2001 Mary Brunkow na huyo Ramsdell wetu wa milimani, wakifanya kazi kwenye kampuni ya dawa huko Marekani, wakapata jeni lililoharibika kwa aina moja ya panya wanaokufa wakiwa wadogo kwa sababu kinga yao haina breki. Jeni hilo ni FOXP3. Wakakuta hata wavulana wenye ugonjwa adimu unaoitwa IPEX wana kasoro kwenye jeni hilohilo. Miaka miwili baadaye Sakaguchi akaunganisha nukta: FOXP3 ndiyo inayoifanya seli iwe mzee. Watu watatu, Nobel moja.

Haya, rudi Kilifi.

Wewe mtu wa Pwani unajua jambo moja ambalo wageni huwa hawalijui. Mtoto mdogo akipata malaria anaweza kufa. Mtu mzima aliyekulia palepale anaweza kuwa na vimelea kwenye damu na bado akaenda shamba, akavua samaki, akacheza mpira jioni. Kwa nini? Je, kinga yake imekuwa na nguvu zaidi, au imejifunza kutulia? Na wale wazee, seli T dhibiti, wanatusaidia au wanamsaidia mwizi? Maana mzee akisema "yatosha" mapema mno, mwizi anatoroka.

Hilo swali liliulizwa kwa damu ya watu wetu. Mwaka 2008 timu iliyokuwa na Stephen Todryk, Philip Bejon, Kevin Marsh na wenzao ilichapisha utafiti wa watu 112 wazima wa afya, wakazi wa mashambani huku kwetu. Walitoa damu, seli zao zikahesabiwa, halafu wakafuatiliwa siku 300 kuona nani ataugua malaria. Waliokuwa na kumbukumbu nzuri ya kinga dhidi ya protini moja ya kimelea iitwayo TRAP waliugua kidogo. Waliokuwa na seli nyingi zenye ile alama ya Sakaguchi, CD25 kwa wingi, waliugua zaidi.

Soma tena. Alama iliyopatikana kwa panya wa Japani 1995 ilikuja kupimwa kwa watu wa huku, na ikaonekana kwamba wazee wakiwa wengi mno, mlango unaweza kubaki wazi kwa malaria.

Lakini usikimbilie kuandika "imethibitishwa". Vitu viwili kwenda pamoja haimaanishi kimoja kimesababisha kingine. Na stori ina kona nyingine. Tororo, mashariki mwa Uganda, malaria ni kali kuliko huku kwetu. Mwaka 2015 watafiti walionyesha kwamba watoto wa huko walioumwa mara nyingi zaidi wana seli T dhibiti chache kwenye damu. Huko wazee wenyewe walikuwa wamepungua. Kwa hivyo kinga ya malaria ni mizani, na mizani hiyo inategemea unaishi wapi na umeumwa mara ngapi. Hiyo huwezi kuijua kwa kukaa maabara ya Ulaya. Lazima uje Kilifi, uende Tororo, uombe watu damu.

Kwa hivyo swali la mumiani linarudi: tumepata nini sisi?

Nimejaribu kujibu bila kumpendelea mtu. Kati ya 1993 na 1995 vyandarua vyenye dawa vilijaribiwa vijijini Kilifi, na malaria kali kwa watoto wadogo ikapungua kwa asilimia 44. Majaribio kama hayo ndiyo yaliyofanya dunia ikubali chandarua chenye dawa, na ndiyo maana leo kipo juu ya kitanda cha hawe. Chanjo ya RTS,S ilijaribiwa kwa watoto wa Kilifi na wa Korogwe, Tanzania. Chanjo ya R21, ambayo WHO iliipendekeza 2023, nayo ilipitia Kilifi. Faith Osier, daktari Mkenya aliyefanya utafiti wake mkubwa wa kinga ya malaria Kilifi, akawa mwaka 2019 Mwafrika wa kwanza kuongoza muungano wa dunia wa vyama vya wataalamu wa kinga. Hivyo si vitu vya mumiani.

Lakini pia sitaki kusema hawe alikuwa mjinga. Toa lile gari, toa usiku, utaona maswali yake yalikuwa sahihi kabisa: Mnachukua kiasi gani? Inaenda wapi? Nani atafaidika? Leo mtafiti yeyote lazima akujibu hayo kwa lugha unayoielewa kabla hujatia sahihi, na una haki ya kusema hapana, au kujitoa katikati bila kueleza sababu. Woga wa wazee wetu ulikuwa ni kudai heshima. Kosa letu sisi vijana ni kwamba tumeacha woga na tumeacha kuuliza pia. Tunatia sahihi karatasi kama tunavyokubali masharti ya programu za simu, bila kusoma.

Na kuna deni moja ambalo halijalipwa, nalo ni jina. Kwenye makala za sayansi wale 112 ni namba tu. Ni sawa, siri zao zilindwe. Ila sisi wa huku tunaweza kuwakumbuka kwa njia yetu. Huenda mmoja wao ni ami yako, au yule mama anayekuuzia mahamri asubuhi. Muulize kama aliwahi kutoa damu kwa utafiti, na kama kuna mtu aliyerudi kumwambia ilionyesha nini. Kama hakuna, mwambie wewe.

Rafiki yangu wa tuktuk nilimpa jibu lake juzi tukienda sokoni. Alinyamaza kidogo, halafu akasema mamake alitoa damu kule hospitali zamani, yeye akiwa mchanga, na babake hakuongea na mamake wiki nzima kwa sababu hiyo.

Leo jioni anaenda kumuuliza.