Nyoka-mahindi

Nyoka-mahindi (Pantherophis guttatus) ni nyoka asiye na sumu wa kusini-mashariki mwa Marekani, aliyeelezwa kisayansi na Linnaeus mwaka 1766. Akitunzwa vizuri huishi miaka 15 hadi 20 au zaidi, hivyo si mnyama wa kuchukuliwa kwa pupa.

Hufugwa katika sanduku la kioo lenye mfuniko unaofungwa barabara, kwani ni hodari wa kutoroka. Upande mmoja hupashwa joto la nyuzi 28 hadi 30 za Selsiasi, mwingine huwa baridi zaidi, na kila upande huwekwa maficho. Kipasha joto kisicho na kidhibiti kinaweza kumuunguza tumbo.

Hulishwa panya waliogandishwa kisha wakayeyushwa: nyoka mchanga kila baada ya siku 5 hadi 7, nyoka mkubwa kila wiki 2 hivi. Panya hai hafai. Anaweza kumjeruhi nyoka vibaya. Nyoka akishikwashikwa mara baada ya mlo anaweza kutapika, kwa hiyo huachwa siku 2.

Anapokaribia kujivua gamba, macho hufifia yakawa ya buluu-maziwa, na mara nyingi hukataa chakula. Wakati huo huhitaji maficho yenye unyevunyevu. Gamba likitoka vipandevipande, macho na ncha ya mkia hukaguliwa, kwa kuwa mabaki yanayobana mkia huzuia damu.