Msitu Ulioachwa Nje ya Picha

Wasomaji wa zamani wa gazeti la Uhuru hawajamsahau Chakubanga, yule mtu wa katuni aliyechorwa na Christian Gregory tangu mwishoni mwa miaka ya 1960. Ni mtu wa shamba aliyeingia mjini, na kichekesho kinatokana na namna anavyohangaika na mji. Nami nimecheka sana. Lakini aliyezoea Kisarawe huzitazama katuni za mjini kwa jicho jingine: anajiuliza, mji huu unapikia nini? Jibu halimo kwenye picha. Limo kwenye magunia ya mkaa yaliyoshuka kutoka vilima vya Pugu na Kazimzumbwi, na kutoka vijiji vya Wazaramo vilivyo nyuma yake.

Si wachoraji peke yao walioliacha shamba nje. Mwaka 1980 redio ilitangaza kampeni ya Misitu ni Mali, iliyofuata nyayo za Mtu ni Afya ya 1973. Jina zuri. Ila mali huwa na mwenyewe, na jina lile halikumtaja. Kwa kawaida anayehimizwa kupanda mti ni mwanakijiji, si yule anayenunua gunia Kariakoo.

Kisha ikaja picha nyingine, hii ya ramani. Mwaka 2009 kampuni ya Uingereza, Sun Biofuels, ilipewa hati ya hekta 8,211 katika vijiji 11 vya Kisarawe, kwa miaka 99, ipande mibono ya kukamulia mafuta ya magari. Kwenye ramani hilo ni pori tu. Kwa wenyeji pori ni kuni, mkaa, dawa, uyoga, na penginepo maji. Mkorosho waweza kuhesabiwa ukalipiwa fidia. Uyoga wa masika utauhesabu vipi?

Na hapo ndipo mchoraji angepata kichekesho chake. Mmea ule si mgeni Pwani. Watu huuita mbono kaburi, huuzungushia ua na kuonyeshea makaburi, na wanajua kuwa mbuzi hauli. Wataalamu waliusifu kama kitu kipya.

Mwaka 2011 kampuni ikafilisika. Mamia ya vibarua wakaachishwa kazi, na malalamiko ya fidia na maji yakabaki palepale. Mradi ukauzwa kwa kampuni nyingine, hati ikaenda nayo. Vijiji havikurudishiwa ardhi.