Kiti cha Nyuma: Jinsi Abiria Alivyoichagua Pikipiki ya Malemba-Nkulu

Anayetafuta pikipiki iliyokwisha tumika Malemba-Nkulu kwa kawaida huanzia mbele. Huwasha injini, husikiliza mlio, hutazama rangi ya moshi, huuliza imetembea kilomita ngapi, ingawa mita ya kuhesabu kilomita huwa imekufa zamani. Nyuma huja kutazamwa mwishoni, bei ikiwa imeshakaribiana. Hoja ya makala haya ni kwamba mnunuzi huyo anaanzia pasipofaa, na historia ya eneo lake ndiyo inayomkosoa. Usafiri wa bonde la Upemba, tangu enzi za wapagazi hadi leo, umegeuka kila mara kwa swali moja: nani ataketi, na nani atabeba? Pikipiki haikushinda huku kwa mwendo wa kasi, maana barabara zenyewe haziruhusu kasi. Ilishinda kwa kuwa ndicho chombo cha kwanza cha nchi kavu kilichomwezesha mtu wa kawaida kukaa nyuma ya mwenziwe kutwa nzima, akashuka akiwa bado na nguvu ya kufanya alichokiendea.

Malemba-Nkulu, mji wa bonde la Upemba nchini Kongo, iko kando ya mto Lualaba. Kamina, makao makuu ya jimbo la Haut-Lomami tangu Katanga ilipogawanywa mwaka 2015, iko mbali nayo zaidi ya kilomita 200 hata ukipima kwa rula kwenye ramani, na njia yenyewe huongeza nyingine nyingi. Mzungu wa serikali au wa kampuni alipotaka kuingia vijijini mwanzoni mwa ukoloni alibebwa kwa kipoyi, kiti kilichofungwa kwenye miti miwili na kuwekwa mabegani mwa wapagazi, huku wengine wakitembea pembeni wakingoja zamu. Hapo starehe ya mmoja ilikuwa jasho la wanne au zaidi. Reli ya kutoka Elisabethville, Lubumbashi ya leo, ilifika Bukama mwaka 1918, na kutoka hapo meli zilishuka mtoni zaidi ya kilomita 600 hadi Kongolo, zikipita katikati ya nchi hii ya maziwa na matete. Mwaka 1928 reli ilisonga kupitia Kamina hadi Port-Francqui, inayoitwa leo Ilebo. Mwaka 1956 Kamina ikaunganishwa na Kabalo. Ukiitazama ramani hiyo unaona mistari miwili mizuri, wa chuma na wa maji, na kati yake nchi pana ambamo kila kitu kilikwenda kwa kichwa na mgongo wa binadamu. Hakuna aliyepanga namna ya kumsafirisha mwenye nchi kutoka kijijini hadi kwenye gati au stesheni. Alitakiwa afike, akiwa na mzigo wake, kwa miguu.

Baiskeli, au kinga kama wanavyoiita wengi Katanga, ilionekana kuwa jibu, na kwa mwenye mshahara wa reli, wa misheni au wa ualimu ilikuwa jibu kweli. Lakini tuangalie ilivyoishia kutumika. Reli ilipochoka miaka ya 1990, na malori yakakosa barabara, mzigo wa Katanga ulihamia kwenye baiskeli. Wafanyabiashara waitwao bayanda walisukuma magunia ya mahindi kutoka pande za Kaniama kuelekea Mbuji-Mayi, mwendo wa siku kadhaa. Fimbo moja ilifungwa kwenye usukani ili kuuongoza kutoka pembeni, nyingine ikasimamishwa nyuma ya kiti ili kusukumia, na pedali wala hazikuguswa, kwa sababu magunia yalizifunika. Vita vya 1998 hadi 2003 vilipoikata nchi, Kamina ikiwa upande wa serikali na Kongolo upande wa waasi, baiskeli ya namna hiyo ilizidi kuwa uti wa biashara. Ni ushujaa ambao haujaandikwa vya kutosha. Hata hivyo mwenye baiskeli alikuwa amerudi alikokuwa mpagazi wa kipoyi: chombo kilimpunguzia uzito, hakikumketisha.

Linganisha na Busia, kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, ambako katika miaka ya 1960 ndiko ilikoanzia bodaboda. Baiskeli zilikuwa za chuma kizito kilekile. Kilichozigeuza kuwa biashara ya abiria ni mto wa kukalia uliowekwa juu ya keria. Kisangani nayo, baiskeli za abiria ziitwazo toleka zilipoenea mto wa Kongo ulipokosa meli na mji ulipokosa teksi, zilitambulika kwa keria iliyotandikwa sponji na kushonewa kitambaa. Mtaji wa kwanza wa mwendesha baiskeli ya abiria haukuwa tairi wala breki, ulikuwa kitako cha mteja. Naona hapa kiini cha jambo lote: biashara ya kubeba watu kwa magurudumu mawili huzaliwa siku mtu anapotumia fedha kwa ajili ya anayekaa nyuma. Malemba-Nkulu haikupata siku hiyo kwa baiskeli, kwa sababu umbali ulikuwa mrefu mno na mchanga mwingi mno kwa misuli ya mtu mmoja kubeba mwingine. Iliipata kwa injini.

Injini zilikuwapo tangu zamani, ila hazikuwa za watu wawili. Yamaha AG100, kipenzi cha misheni na mashirika ya misaada barani Afrika, ilibuniwa kwa ajili ya mashamba. Ina keria mbele, keria kubwa nyuma, na kiti cha kumtosha mfanyakazi aliyetumwa peke yake. Ilisafiri popote, na aliyepandishwa kwenye keria yake ya chuma aliijua kila shimo kwa jina. Pikipiki iliyokuja kumkalisha mtu wa pili ilitoka kwenye ukoo mwingine. Mwaka 1976 Honda ilitoa CG125, iliyobuniwa baada ya kampuni kuona injini zake za awali zikifa mikononi mwa wamiliki wa nchi maskini waliochelewa kubadilisha oili; vali zake zilisukumwa kwa fimbo, mpangilio wa kizamani lakini mvumilivu. Viwanda vya China viliinakili injini hiyo kwa mamilioni. Kisha mwaka 1982 Suzuki ikatoa GN125, ambayo baadaye ilitengenezwa pia China na kampuni ya Haojue. Hii ilikuwa na kitu ambacho CG haikuwa nacho: umbo la pikipiki kubwa za Kimarekani za safari ndefu, yaani usukani ulioinuka na kurudi kifuani, kiti kilichoshuka chini kwa mwendeshaji, na nyuma yake ngazi laini ya abiria.

Pikipiki za safari ndefu, kama Harley-Davidson Electra Glide iliyoanza 1965 na Honda Gold Wing iliyoanza 1975, zilikuja kujengwa kwa imani kwamba safari ni ya watu wawili: abiria ana egemeo la mgongo, ana pa kuweka miguu, na umbali kati ya magurudumu ni mrefu kiasi kwamba shimo humfikia likiwa limepungua makali. Imani hiyo ni sahihi. Mwili wa pikipiki hizo ndio usiofaa huku. Electra Glide ina uzito wa zaidi ya kilo 300. Hakuna mtumbwi wa Lualaba utakaoipokea bila kusali, na tumbo lake lililo karibu na ardhi lingekwama kwenye kisiki cha kwanza baada ya Bukama. Kwa hiyo umbo lilikuja bila uzito, kwenye mashine ya sentimita za ujazo 125 yenye nguvu ya farasi kumi na kitu. Baadaye Wahindi, TVS na Boxer ya Bajaj, walileta kiti kirefu kilichonyooka na keria imara, na mafundi wakamalizia kazi: sponji ikaongezwa, keria ikarefushwa kwa nondo, na mzigo ukafungwa nyuma ya abiria. Gunia la samaki wakavu likikazwa vizuri kwa mpira huwa egemeo la mgongo lisilopungua kitu mbele ya la Marekani, ukiacha harufu.

Kuna pingamizi zito la kwanza: kwamba haya yote ni kupamba umaskini. Watu hawakuchagua, walinunua kilicholetwa na mfanyabiashara kutoka Lubumbashi kwa bei waliyoimudu. Ni kweli kwamba bei ilifungua mlango. Lakini bei haielezi kwa nini, kati ya mashine za bei zinazokaribiana, zile za kiti kifupi na mkia uliosimama hubaki kuwa za vijana wa mjini, wala haielezi kwa nini mtu hutoa fedha zake za akiba kushonesha kiti upya kabla ya kuirekebisha taa. Pingamizi la pili husema mto unatosha, kwamba mashua ndiyo starehe ya kweli. Ndivyo, kwa anayekwenda mto unakokwenda. Mgonjwa anayepelekwa hospitali iliyo mbali na maji, au mama anayefuata treni Kamina, hana la kufanya na mkondo. La tatu ndilo gumu zaidi, na silikwepi: kiti kirefu hualika watu watatu, wanne. Hapo uzito huvuka ekseli ya nyuma, gurudumu la mbele huwa jepesi, usukani hupoteza amri, na starehe iliyonunuliwa kwa ajili ya mmoja huwa hatari ya wote. Kosa hilo ni la nauli na la udhaifu wa sheria. Kulitibu kwa kufupisha kiti kungemwadhibu abiria kwa tamaa ya mwendeshaji, na bado watu wangejibana hivyohivyo, tena wakiwa wameshikilia chuma.

Mnunuzi wa leo basi aanzie nyuma. Akae yeye mwenyewe kwenye nafasi ya abiria, mwingine akishika usukani, kisha ateremke na kukandamiza mkia kwa uzito wake wote na kuuachia: shokapu nzima hupanda mara moja na kutulia, iliyokwisha hucheza kama kitanda cha spring. Mafuta yakionekana kwenye fimbo yake, bei ishuke. Ashike gurudumu la nyuma alitikise kushoto na kulia; likicheza, huenda bushi za uma wa nyuma zimeliwa, na hapo pikipiki itayumba kila itakapobeba mtu wa pili ingawa itatulia mwendeshaji akiwa peke yake, jambo ambalo muuzaji analijua anapokuruhusu kuijaribu bila abiria. Atazame vyuma vya kuwekea miguu vimefungwa wapi. Katika pikipiki nyingi ndogo za zamani vimefungwa kwenye uma wenyewe, kwa hiyo miguu ya abiria hupanda na kushuka pamoja na gurudumu kutwa nzima, na magoti hufika yakiwa yamekufa ganzi. Vikiwa kwenye fremu, miguu hupumzika. Mwisho angoe kiti, atafute pale shokapu zinapoungana na fremu. Rangi mpya mahali hapo peke yake maana yake pamechomewa, na palipochomewa ndipo palipobeba magunia ya miaka. Injini iliyochoka hupatiwa pistoni na pete sokoni Kamina ikarudi kazini kwa siku moja. Fremu iliyopasuka nyuma haina dawa ya namna hiyo, na mwenye kuigundua njiani kati ya Malemba-Nkulu na stesheni huwa ni yule aliyeketi juu yake.