Kuvua viatu si sawa na kuvuliwa

Mwanafunzi wa isimu hufunzwa mapema kwamba kiambishi kimoja tu chaweza kugeuza maana ya kitenzi. Chukua kitenzi 'vua'. Anayevua viatu ametenda, anayevuliwa ametendwa. Tofauti hiyo ndogo ya sarufi inatusaidia kuisoma upya historia ya miguu mitupu, historia ambayo wengi wetu huifupisha kwa neno moja: umaskini.

Kiswahili chenyewe kinaukataa ufupisho huo. Kina mtalawanda, kiatu cha mbao. Kina makubadhi ya ngozi. Champali kutoka Bara Hindi. Sapatu kutoka kwa Wareno. Buti kutoka kwa Waingereza. Na akala, kiatu kilichokatwa kwenye tairi kuukuu. Mpwani hakungoja mkoloni aje kumfunza kuvaa kiatu. Hata hivyo, akifika msikitini au mlangoni kwa mwenyeji wake, anavua. Tajiri anavua, maskini anavua. Mguu mtupu hapo ni heshima, kwa kuwa mwenye mguu ndiye aliyeamua.

Sasa tazama Unguja ya karne ya 19. Kwa desturi, mtumwa hakuvaa viatu, wala mtumwa wa kiume hakufunika kichwa mbele ya waungwana. Mguu wake ulimtambulisha kabla hajafungua kinywa. Ndiposa hali ya utumwa ilipofutwa kisheria, Unguja mwaka 1897 na pwani ya Kenya mwaka 1907, waliokuwa watumwa walivaa kofia, kanzu na viatu. Anayedhani eti walikuwa wanajishaua hajaelewa. Walikuwa wanatangaza uungwana wao kwa lugha ambayo kila mpita njia aliielewa.

Ukoloni nao ukaja na ngazi zake. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, 1914 hadi 1918, maafisa Wazungu walivaa buti, huku askari wengi wa KAR na wachukuzi wa Carrier Corps, kikosi kilichoupa mtaa wa Kariakor jina lake, wakitembea mamia ya maili miguu mitupu. Wengi waliumizwa na funza. Na funza si mwenyeji wetu, jamani! Aliingia Angola mwaka 1872 kwa meli iliyotoka Brazil, akalivuka bara pamoja na misafara ya watu hadi kufika pwani yetu kabla ya karne hiyo kwisha. Mguu uliokuwa salama kwa mababu ukawa hatarini kwa wajukuu. Halafu mgonjwa akaambiwa ni mchafu.

Baadaye akaja Abebe Bikila. Tarehe 10 Septemba 1960, Mhabeshi huyu, askari wa walinzi wa Mfalme Haile Selassie, alishinda marathoni ya Olimpiki mjini Rome kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16, bila viatu. Rome ndio mji mkuu wa nchi iliyoikalia Ethiopia kwa mabavu kuanzia 1936 hadi 1941. Wengi walimwona Mwafrika asiye na kiatu. Kumbe viatu alipewa avijaribu, vikamsumbua, akachagua kukimbia jinsi alivyozoea mazoezini. Mwaka 1964 mjini Tokyo alivaa viatu, akashinda tena. Rome alivua, hakuvuliwa.

Basi, msomaji, tunapomwona mtoto akienda shule miguu peku, tusikimbilie kumhurumia wala kumcheka. Tuulize swali la kisarufi kwanza: ametenda au ametendwa? Anayecheza mpira uwanjani bila viatu kwa raha zake hahitaji msaada wetu. Anayefukuzwa darasani kwa kukosa viatu, au anayeliwa na funza wakati dawa ipo, huyo ametendwa. Na kila kitenzi cha kutendwa kina mtenda wake, hata sentensi isipomtaja.