Wafanyakazi wa Palestina na Bariyeri za Askari

Njia ya Betlehemu kwenda Yerusalemu ni fupi, haifiki hata kilomita kumi na tano. Sisi wenyi kusoma Evanjili tunaifikiri kama njia ya wachungaji na ya watu wenyi kwenda Hekaluni. Waashi na maseremala wa Betlehemu na Hebroni wameijua kwa namna nyingine, na ginsi walivyoijua hivyo ni habari ya miaka zaidi ya hamsini.

Mwanzo wake ni vita ya mwezi wa sita 1967. Israeli ilitwaa Ukingo wa Magaribi wa Yordani pamoja na Gaza. Matajiri wa Israeli walitaka mikono ya kujenga na kuvuna. Watu wa inchi iliyotwaliwa walitaka mishahara, kwa kuwa kwao viwanda vilikuwa vichache. Mwaka 1972 wakubwa wa jeshi walitoa ruhusa moja kwa watu wote: kuvuka mchana kulikubaliwa, kulala kule kulikatazwa. Kufika 1987, wenyi kufanya kazi Israeli walipita 100,000.

Mlango ule ukafungwa pole pole. Desemba 1987 Wapalestina waliasi. Januari 1991, wakati wa vita juu ya Kuweti, ruhusa ya wote ilifutwa, na kila mtu akapashwa kuomba kibali chake mwenyewe. Machi 1993, nyuma ya Waisraeli wengi kuuawa, bariyeri ziliwekwa njiani. Toka mwaka 2000 mabomu yaliua watu katika mabasi ya Israeli, na mwaka 2002 ukuta ukaanza kujengwa. Waisraeli wengi wanasema uliwaokoa, wala hatuwezi kumcheka mtu aliyezika mtoto wake. Lakini ukuta haukufwata mpaka wa zamani. Sehemu yake kubwa imepita ndani ya Ukingo wa Magaribi. Tarehe 9 Julai 2004 Mahakama ya Kimataifa ya La Haye ilitoa shauri kwamba kuujenga mule ni kinyume cha sheria.

Sasa tuitazame siku ya kazi, ginsi ilivyokuwa katika miaka ile kwenye bariyeri ya Betlehemu inayoitwa 300. Kazi ilianza saa moja asubui, lakini mtu wa vijiji vya Hebroni aliamka saa nane usiku. Alifika gizani na mfuko wa chakula mkononi. Wauzaji wa kahawa na mikate walikuwa wamekwisha kuwasha taa zao. Mbele yake kulikuwa njia nyembamba kati ya ukuta na vyuma, na maelfu ya wanaume wamebanana ndani. Vijana walipanda juu ya vyuma ili wawapite wengine. Wazee walinung'unika, kisha wakanyamaza. Kisha lango la chuma la kuzunguka, mshipi na viatu kuvuliwa, kitambulisho, kibali, na mkono juu ya mashini. Mwaka 2019 mashini mpya ziliwekwa, na kupita kukawa kwepesi zaidi. Mbele ya hapo, lango likisimama nusu saa tu, motokari ya bwana kazi iliondoka, na siku ile haikulipwa. Jioni mtu alikula, akalala. Watoto aliwaona wakiwa usingizini.

Kibali nacho kilikuwa mzigo. Kiliandikwa jina la tajiri mmoja; ukigombana naye, kimekwisha. Hapo wakaingia madalali, wenyi kuuza vibali kwa shekeli 2,000 na zaidi kila mwezi. Tunaona hii ni mbaya kuliko lango lenyewe, maana lango lilikula usingizi wa mtu, dalali alikula jasho lake. Desemba 2020 serikali ya Israeli ilibadili sheria kwa wajenzi, ili waweze kuhama tajiri, lakini madalali hawakukoma.

Tarehe 7 Oktoba 2023 Hamas ilishambulia Israeli na kuua watu yapata 1,200, ikafwata vita kubwa ya Gaza. Vibali vilisimamishwa karibu vyote, na watu zaidi ya 100,000 wakakosa mshahara kwa mara moja. Waashi wakauza vyombo vyao na zahabu ya wake zao. Wengine walitafuta ngazi na kamba, wakapanda ukuta usiku bila kibali, na kati yao wamo waliopigwa risasi na waliovunjika miguu.